Ni Mimi Niliyemwambia Asindikize Watu

Nimestaafu. Nina miaka thelathini na moja, mtoto mmoja anayeuma, na saa ya ukutani isiyo na betri. Mwenye kucheka acheke sasa hivi amalize, kisha akae chini asome, kwa sababu nayaandika haya nikiwa na hasira na sina muda wa kurudia.

Nawaandikia nyinyi wawili, Mercy na Kevo, mliobaki kwenye ofisi yetu ya ghorofa ya sita katikati ya mji. Mmebaki na kazi niliyoifanya miaka saba: kutuliza wageni. Mtu anatoka kwao na masanduku manne, ameletwa Nairobi na kazi, hajui duka liko wapi, hajui kuwasha gesi, hajui kwa nini maji huja Jumanne na Ijumaa tu. Kampuni yake inapigia kampuni yetu simu, na kampuni yetu inamtuma mtu mwenye cheti cha kidato cha nne na viatu vya raba akamwonyeshe maisha. Mtu huyo alikuwa mimi. Sasa mtu huyo ni video kwenye simu. Nimeiona. Kuna msichana anatabasamu na kusema karibu Kenya, na nyuma yake amesimama twiga. Miaka saba nimepeleka wageni dukani, na hakuna hata siku moja nilipita kando ya twiga.

Ya cheo na mshahara sitaandika. Cheo nilichoingia nacho ndicho nilichotoka nacho, na mshahara muulizeni Madam, mkubwa wetu. Mimi ni mama wa mtoto, sitaki presha ipande.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na sketi ya kuazima na viatu vya kanisa, nikakabidhiwa kwa Anti Perpetua. Huyu alikuwa mama wa kutoka Kakamega, mnene, mpole, mwenye mkoba mkubwa kuliko sanduku la fundi. Aliangalia viatu vyangu akasema, "Kesho uje na raba." Hakuniuliza jina mpaka saa nane.

Tulienda Kilimani kuona bwana na bibi waliokuwa wameingia nchini juzi yake. Tuliwakuta nje ya geti la nyumba yao wenyewe, wamesimama juani tangu saa tatu asubuhi, wanabonyeza kengele. Kengele yenyewe waya wake ulikatika labda kabla sijazaliwa. Soja wa kulinda geti alikuwa ndani, hatua kumi kutoka kwao, anakunywa chai. Anti Perpetua aliweka mkoba chini, akakunja viganja mdomoni, akapiga honi: "Piiii! Pi-pi!" Geti likafunguka saa hiyo hiyo, na soja akapiga saluti.

"Somo la kwanza," Anti Perpetua aliniambia. "Geti ya Nairobi haiskii kengele. Inaskia honi tu."

Wale bwana na bibi walikaa nchini miaka miwili. Hawakununua gari. Walikuwa wanatembea mpaka getini kwao na kupiga honi kwa mdomo, wote wawili, pamoja, kama kwaya.

Kazi ilikuwa hivyo. Kuna mgeni mmoja aliyechukua saa mbili kutoka steji ya matatu mpaka ofisini kwake, mwendo wa dakika saba, kwa sababu kila alipoitwa kastoma na muuza soksi alisimama, akamshika mkono na kujitambulisha. Mwisho wa mwezi alikuwa anajua watoto wa wauza soksi kwa majina na bado hajamjua mkubwa wake wa kazi. Kuna dada aliyeenda kwa mama mboga akanunua jani moja la sukuma wiki. Moja. Mama mboga alimfungia kwenye gazeti, akanipigia simu kuuliza kama mgeni wangu ni mgonjwa.

Mkoba wa Anti Perpetua nitawaelezea, kwa sababu ulinifikia mimi, na mimi niliuacha chini ya meza yenu. Mna kiberiti, mshumaa, tochi, kipande cha mpira wa tairi la ndani cha kufungia bomba linalovuja, soksi kavu, na ramani alizochora mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Ramani hizo hazina majina ya barabara. Zimeandikwa: kata kushoto palipokuwa na mti. Nilimwuliza, "Anti, na kama mti haupo?" Akasema, "Haupo. Lakini kila mtu anajua ulikuwa hapo." Video ya twiga haiwezi kukuambia mambo kama haya.

Siku aliyorudi kwao Kakamega aliniachia mkoba na neno moja. "Usimwambie mgeni kitu nusu," alisema. "Ukimpea nusu, nusu ile ingine atajaza mwenyewe." Nikaitikia ndio Anti, ndio Anti, kama mtu anayeelewa.

Halafu nikapata Mutheu.

Mutheu ni binti yangu, na alipotimiza mwaka mmoja meno yalitoka yote kwa pamoja na akaamua kuyafanyia kazi. Sisi tunakaa Mutuini, nyumba ya kupanga, na Mutuini kuna watu wanne wanaoweka watoto wa wanaoenda kazini. Wa kwanza alimrudisha baada ya siku tatu. Wa pili baada ya siku moja. Wa tatu alinirudishia mtoto kupitia juu ya ua, hakutaka hata kufungua mlango. Akabaki Shosho Njoki, bibi mwenye mashamba madogo ya sukuma, ng'ombe mmoja, na watoto saba anaowachunga kwa fimbo ambayo hajawahi kuitumia.

"Kuuma si shida," Shosho alisema. "Hata ng'ombe yangu inauma. Shida ni kuchelewa. Saa kumi na mbili jioni mimi nakamua. Siwezi kamua nikiwa nimebeba mtoto anauma. Ukichelewa mara tatu, unachukua mtoto yako na meno yake."

Hapo ndipo maisha yangu yaliposimama: saa kumi na mbili, kwa geti la Shosho Njoki. Nikikosa nafasi hiyo, Mutuini nzima hakuna mwingine, na nikikosa wa kuniwekea mtoto, kazi imeisha. Baba yake Mutheu msiniulize. Huyo naye anahitaji mtu wa kumtuliza, na si mimi.

Sasa ndiyo akaja Pekka.

Pekka alikuwa fundi mkubwa wa pampu za maji kutoka Ufini, mrefu kama nguzo ya stima, mkimya. Kiswahili alikuwa amejifunza kwenye kitabu kabla ya kuja, kwa hivyo aliongea kama taarifa ya habari. Walimpa nyumba Woodley, zile nyumba za zamani za mawe zilizo na ua na nyasi. Ofisi yao ilikuwa inapakwa rangi bado, kwa hivyo alifanyia kazi nyumbani. Nilimwona Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki ya pili nilikuta amefunga mapazia na amekaa kwenye kiti kimoja katikati ya sebule.

"Nafikiri nitarudi kwetu," alisema. "Wiki ya kwanza watu walikuja. Wiki ya pili hakuna aliyekuja. Inaonekana hawanipendi."

Madam alikuwa ameshaniambia: nyuma ya Pekka kulikuwa na wengine kumi na wawili wanangoja kuona kama atakaa. "Mama Mutheu, huyu akirudi kwao," alisema, "na wewe utarudi kwenu." Nikaenda kuuliza jirani.

Jirani alikuwa Mzee Wekesa, karani wa zamani wa baraza la mji, mtu anayechana nywele zake kumi na mbili kila asubuhi. Nilipotaja jina la Pekka aliweka gazeti chini.

"Huyo? Nilienda kumsalimia na ndizi. Mkungu mzima! Tukaongea vizuri. Nikasimama kuaga. Niko pale mlangoni, sijamaliza kusema haya basi, naskia kitasa nyuma yangu: kra! Amefunga. Na koti yangu imebaki ndani!"

"Koti ulikuwa umevua?"

"Nilikuwa nimeivaa! Pindo ndiyo ilikamatwa na mlango. Ilibidi nibishe tena ndio nifunguliwe nitoke."

Nilirudi kwa Pekka. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini, na mimi saa kumi na nusu lazima niwe steji. Nikamweleza nikiwa nimesimama, mkoba begani. Nikamwambia hapa mgeni hafungiwi mlango. Mgeni husindikizwa. Unatoka naye, unatembea naye, mnaongea yale mliyosahau kuongea mkiwa mmekaa.

"Kwetu mtu akiaga tunamwacha aende," Pekka alisema. "Kumfuata ni kama kumshuku. Lakini ninaelewa." Akatoa daftari. "Ninamsindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka akwambie urudi," nikasema, na nikakimbia.

Mmeona? Nusu. Anti Perpetua alikuwa Kakamega anamenya mihogo, nami nilikuwa nachimba shimo Woodley.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa ofisini saa saba, Madam akatoka kwenye chumba chake uso umekuwa mwembamba. Pekka hakuwa anashika simu. Wakubwa wake walikuwa wamengoja kwenye mkutano wa kompyuta tangu saa tano. Nilifika Woodley, nikakuta mlango umerudishwa, simu iko mezani inalia peke yake. Mzee Wekesa alikuwa uani, ana furaha kuliko kawaida.

"Ameenda na fundi wa mabomba," alisema. "Wameondoka wakiongea. Sasa huyo ni mtu!"

Nilifuata njia ya Kawangware nikiuliza. Kutafuta mzungu mrefu Kawangware si kazi ngumu. Mama wa viazi karai aliniambia, "Yule wa Otieno? Amepita hapa amebeba spana." Muuza mkaa akaniambia, "Amepita. Amenisalimia. Hujambo na hali yako na habari za nyumbani. Nimechoka kujibu." Niliwapata kwa Otieno fundi. Pekka alikuwa kwenye kiti cha heshima, kile chenye kitambaa, na chai mkononi. Majirani walikuwa wamejaa mpaka dirishani.

"Madam, mimi sina makosa," Otieno aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Nilimwambia rudi pale Ngong Road. Akacheka. Nikamwambia rudi pale kwa kinyozi. Akaninyang'anya spana akabeba. Sasa ningefanya nini? Nimlete nyumbani bila chai?"

"Haya, amekunywa. Twende, Pekka."

Otieno akasimama, akavaa shati safi. "Wacha nimsindikize."

Wallahi, kama si Ukristo ningetukana. Otieno alitusindikiza mpaka Woodley, mpaka getini. Tukaagana. Na pale pale Pekka akageuka kumsindikiza Otieno. Nilisimama katikati ya barabara nimenyoosha mikono kama polisi wa trafiki, wa huku asivuke, wa huku asivuke.

"Pekka, Otieno amekwambia urudi! Nimesikia!"

Pekka akafungua daftari, akanionyesha. Alikuwa ameenda kwa Mzee Wekesa na sahani ya chakula ya kuomba msamaha, na mzee akamwongezea somo langu. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi nzuri: Mgeni akisema rudi, usirudi. Hiyo ni adabu yake tu. Hapo ndipo heshima inaanza.

Kwa hivyo sheria ilikuwa hivi: tembea mpaka uambiwe rudi, na ukiambiwa rudi, usirudi. Nyinyi mliosoma chuo, nionyesheni mahali sheria hiyo inaishia. Mtu wa hapa anajua inaishia wapi, anasikia tu kwenye sauti ya mwenzake, rudi ya tatu si kama rudi ya kwanza. Lakini Pekka alikuwa mtu wa pampu. Ukimwambia funga skrubu hii mpaka mwisho, ataifunga mpaka mwisho.

Nilifika kwa Shosho saa kumi na mbili na dakika ishirini. Alikuwa kwenye zizi, ndoo miguuni, Mutheu mgongoni anamtafuna ukosi.

"Moja," alisema Shosho.

Mwezi uliofuata Pekka alisindikiza Nairobi. Alimsindikiza mama wa mayai mpaka kwake mtaa wa Satellite, na kwa vile mama alikuwa bado anauza, aliingia naye nyumba kwa nyumba akishika trei. Mayai yaliisha saa nne asubuhi. Alimsindikiza mzee wa mkokoteni wa maji mpaka Waithaka, akisukuma. Mchungaji mmoja wa Mutuini alikuja kumhubiria na mkewe, na Pekka akatembea nao mpaka kanisani na kukaa ibada. Hata Musembi, soja wa jengo letu la mjini, alitumwa siku moja amalizapo zamu ampelekee barua Woodley. Alianza safari ya kwenda kwake Kinoo akiwa na mgeni kando, na akafika Kinoo akiwa na mgeni kando.

"Mama Mutheu," Musembi aliniambia kesho yake, akiwa amevua kofia, "tangu nizaliwe hakuna mkubwa amewahi nisindikiza hata mpaka kwa mlango."

Nitasema ukweli, mapazia yalifunguliwa. Pekka akanenepa. Watu wakawa wanaingia kwake na kutoka, na Mzee Wekesa akawa anapita kila jioni bila sababu, apate tu kuaga. Madam akanipongeza mbele ya watu kwa kumtuliza mgeni. Pongezi hizo nilizipokea nikiwa nimekunja ngumi mfukoni, maana mgeni aliyetulia alikuwa ameanza kunisindikiza mimi.

Mimi ninatembea haraka. Mimi ni mama. Kutoka mlango wake mpaka steji nilikuwa natumia dakika tisa. Na Pekka zilikuwa arobaini, kwa sababu kila baada ya hatua tatu kuna mtu aliyesindikizwa zamani na lazima aulizwe hali.

"Pekka, rudi."

Anatabasamu.

"Pekka, mimi si mgeni, mimi ni mfanyakazi. Rudi!"

"Unasema hivyo kwa adabu."

"Sina adabu! Uliza mtu yeyote! Rudi kwako, wewe mwanaume, mtoto wangu anakamuliwa pamoja na ng'ombe!"

Akaandika kitu kwenye daftari. Jioni hiyo nilifika saa kumi na mbili na nusu.

"Mbili," alisema Shosho Njoki, bila kugeuka. "Ile ingine ukuje na gunia ya kubebea vitu vyake."

Kwa wiki tatu niliishi kwa hila. Nilimuaga Pekka nikiwa tayari nje. Nilipitia dirisha la jikoni mara mbili. Siku moja nilimwambia naenda msalani, nikaruka ua la Mzee Wekesa, na mzee akaniona, na kwa vile nilikuwa uani kwake akasema mimi ni mgeni wake, akachukua fimbo ili anisindikize. Nilimkimbia. Mzee wa miaka sabini. Nilimkimbia.

Halafu ikaja ile Jumatano ya mvua. Saa kumi na robo nilikuwa natoka, na mbingu ikapasuka. Mnajua Ngong Road mvua ikinyesha. Magari yalilala. Makondakta walikuwa wameshuka wananunua mahindi ya kuchoma. Hata pikipiki za nduthi zilijipanga chini ya daraja, hakuna aliyekubali Mutuini. Nilisimama pale na mkoba kichwani, na nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu: nililia. Nililia kwa hasira, lakini machozi ni machozi. Niliona gunia. Nilimwona Mutheu amerudishwa, na mimi nimekaa naye ndani, na mwenye nyumba mlangoni.

Pekka alikuwa kando yangu, kama kawaida, amenisindikiza. Koti lake la mvua lilikuwa refu mpaka viatuni.

"Tatizo ni nini?" aliuliza.

"Tatizo ni wewe!" nikamwambia, na nikamwambia yote. Shosho, ng'ombe, mara ya kwanza, mara ya pili, gunia. Kwa mara ya kwanza nilimpa kitu kizima.

Alisikiliza kama mtu anayesikiliza pampu. Kisha akaangalia saa yake. "Kwa miguu inawezekana," alisema. "Lakini si kwa barabara."

"Wewe unajua nini ya Mutuini?"

"Nimemsindikiza mchungaji."

Akanivua mkoba, akaanza kutembea. Na miguu yake, jamani. Kumbe siku zote alikuwa anatembea polepole kwa ajili ya mazungumzo. Tulikata Kawangware kwa uchochoro wa Otieno, tukapita katikati ya nguo za watu, na Otieno akatuona akapiga kelele, "Mbona hamkai?" Pekka akamjibu bila kusimama, "Tunasindikizana!" Tukatokea Satellite nyuma ya banda la mama wa mayai, njia ambayo nimekaa upande huo miaka sita na siijui. Waithaka kuna bonde, na kwenye bonde kuna mto mdogo uliokuwa umefura, na juu ya mto kuna mbao mbili ambazo mzee wa mkokoteni alizitandika ili asizunguke. Niliteleza. Pekka akanishika ukosi kama paka anavyobeba mtoto. Nilisema asante kwa sauti ya kutukana.

Tulipanda kilima cha mwisho kupitia nyuma ya kanisa, matope magotini, soksi za mkoba zimelowa, na geti la Shosho Njoki likaonekana. Alikuwa amesimama hapo. Kwenye mkono mmoja alikuwa na ndoo ya kukamulia. Kwenye mkono mwingine alikuwa na gunia.

Nilipiga honi. Sijui kwa nini. Pumzi ya kuongea sikuwa nayo. Niliweka viganja mdomoni nikapiga, "Piiii!"

Shosho aliangalia juu kwa redio yake iliyokuwa dirishani. Redio ikasema ni saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Akaangalia mzungu mwenye matope. Akaangalia mimi.

"Na huyu ni nani?"

"Amenisindikiza," nikasema.

"Kutoka wapi?"

"Woodley."

Shosho Njoki aliweka gunia chini. "Kwa miguu? Na hii mvua?" Akafungua geti lote, upande wa watu na upande wa ng'ombe. "Mtu kama huyu hakuna siku hizi. Ingieni mnywe chai. Mutheu! Kuja usalimie mgeni."

Mutheu alikuja, akamsalimia. Alama ya salamu hiyo Pekka anayo bado kwenye goti, na huwa anawaonyesha watu.

Tulipoaga, Shosho alichukua shali atusindikize. Nilimwambia arudi, ng'ombe inamngoja. Akasema ng'ombe ingoje. Sikuchelewa tena, kwa sababu tangu siku hiyo Pekka alinisindikiza kwa mwendo wa mvua, na kwa njia ya mbao mbili. Miezi mitatu ilipita, wale kumi na wawili wakaja. Niliwatuliza wote.

Ndiyo shukrani ikawa twiga.

Siku ya mwisho nyinyi mlikuwepo, lakini nawakumbusha, kwa sababu hii ndiyo hasira yenyewe. Mlikata keki. Madam akasema maneno mawili matatu juu ya teknolojia, akanipa saa ya ukutani. Nikala, nikafuta mdomo, nikasimama, nikasema haya basi. Na hakuna mtu alisimama. Madam alisema "Baai, Mama Mutheu," macho yako kwa kompyuta. Wewe Kevo ulikuwa na keki mdomoni. Wewe Mercy ulipunga mkono. Kwa kukaa! Miaka saba nimefundisha dunia nzima kusindikiza mtu, nimefundisha mpaka imenizidi, na watu wangu hawakuweza kunifikisha kwenye ngazi. Ghorofa sita nilishuka peke yangu. Lifti ilikuwa mbovu. Hilo silaumu mtu.

Chini, kwenye kizuizi cha magari, alikuwa Musembi. Aliangalia saa ya ukutani, akaangalia uso wangu.

"Ndio umetoka kabisa?"

"Kabisa."

"Na wako wapi?"

"Nani?"

"Wa kukusindikiza."

Musembi alivaa kofia yake vizuri. Akateremsha ile nguzo ya kuzuia magari, akaifunga kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akachukua saa yangu kwapani.

"Musembi, rudi. Utafutwa kazi."

"Unasema hivyo kwa adabu," alisema, na akacheka kwa meno yote.

Alinifikisha steji. Tuliongea habari za kwao Machakos, mvua, mahindi, na yule mzungu. Hata gari lilipojaa hakuondoka, na mimi nikaona aibu: huyu mtu ameacha lango, nitamwachaje arudi peke yake? Ilikuwa saa tisa tu, kwa Shosho bado mapema. Nikashuka. Nikamsindikiza.

Tulipokaribia jengo tulisikia kelele. Madam alikuwa ndani ya gari lake upande wa ndani wa ile nguzo, anaangalia huku na huku, amechelewa mahali. Alikuwa anapiga honi, anapiga tena, na hakuna geti lililosikia.

Musembi aliniangalia. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Tulikuwa bado hatujamaliza habari za mahindi. Hatukuharakisha.